Mwenda wa Munkunyu, Kenda ya Pwani

Mtoto wa Munkunyu, upande wa Rwenzori nchini Uganda, anayehesabu kwa Lhukonzo, lugha ya huko, akifika tisa, husema mwenda. Mswahili wa zamani alisema kenda, na bado tunasema “kumi kasoro moja” tukiulizwa maana yake. Mimi nashikilia kwamba maneno hayo mawili ni ndugu, na kwamba hesabu ya milima ya Rwenzori na ya pwani ilichipuka katika shina moja la Kibantu. Tazama namna namba ndogo zinavyoifuata nomino: abandu babiri, ebindu bibiri, watu wawili, vitu viwili. Kufanana kwa namna hiyo hakuokotwi sokoni.

Yupo atakayepinga: mbona basi Kiswahili kina sita, saba na tisa za Kiarabu? Je, hakikuwa na zake? Kilikuwa nazo: tandatu, mfungate, kenda. Siku saba za maarusi tunaziita fungate hadi leo. Kilichozisukuma kando ni biashara ya bahari, kwa kuwa wauzaji na wanunuzi walihitaji hesabu moja ya kuelewana. Jambo hilo halikuwa la pwani peke yake. Mpondwe, mpakani na Kongo karibu na Bwera, mchuuzi anataja bei kwa lugha ya mteja, akiwa na Kiswahili na Lhukonzo mdomoni. Lugha hiyo ya nyumbani ina nafasi shuleni pia: tangu 2007 mtaala wa Uganda unaruhusu madarasa matatu ya kwanza kufundishwa kwa lugha ya eneo. Naona ni haki: mtoto akijua mwenda kwanza, kenda haitakuwa ngeni kwake.