Moto na Maziwa ya Mama

Msomaji, usidhani kuwa maziwa ya mama ni chakula tu. Mna ndani yake protini zimkingazo mtoto na maradhi. Mwaka 1909, mjini Vienna, ilifunguliwa benki ya kwanza ya maziwa hayo, kwa watoto waliokosa ya mama zao. Walakini maziwa ya mama mwingine huweza kubeba vijidudu; hivyo ikawa desturi kuyapasha moto wa nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30. Moto huua vijidudu, lakini hauchagui. Laktoferini, ambayo huwanyima bakteria madini ya chuma, huharibika sehemu kubwa, nayo si hasara ndogo; kingamwili nyingi husalia. Yakichemka, hasara huzidi. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilipofungua benki yake mwaka 2019, ilishika desturi iyo hiyo.