Cheti Kisichovuka Mpaka

Ng'ombe akiugua Amagoro, upande wa Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kumfikiria. Mwaka 2016 mamlaka zinazosajili madaktari wa mifugo katika nchi wanachama zilitia saini makubaliano ya kutambuana, ili daktari aliyesajiliwa upande mmoja asilazimike kuanza upya akitaka kufanya kazi upande wa pili. Wahasibu na wasanifu majengo walikuwa wametangulia mwaka 2011, wahandisi wakafuata 2012. Lakini mama wa Amagoro aliyefiwa na mtoto, asiyelala wala kula, ambaye nduguze wote wako Tororo, upande wa Uganda, hajaandikiwa lolote. Mwanasaikolojia wa Uganda na mwenzake wa Kenya hawana makubaliano ya namna hiyo.

Historia ya jambo hili inaanzia kwenye mpaka wenyewe. Hadi mwaka 1902 eneo lote hili, mpaka kukaribia Naivasha, lilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Kisha Waingereza wakalihamishia upande wa Kenya. Waiteso na Wasamia wakajikuta wana serikali mbili na ukoo mmoja. Watu waliendelea kuvuka kwa harusi, kwa matanga, kwa soko, na hata neno boda boda lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Msiba ukitokea Busia ya Kenya, nusu ya waombolezaji huenda wakatoka Busia ya Uganda.

Wakati wa ukoloni, mgonjwa wa akili wa pande hizi alikuwa na safari ndefu mbele yake. Nairobi kulikuwa na hospitali ya akili ya Mathari, iliyofunguliwa 1910. Kampala ikaja kupata yake, Butabika, mwaka 1955. Suala la nani anastahili kumtibu halikuulizwa kwa dhati. J. C. Carothers alikabidhiwa Mathari mwaka 1938 akiwa daktari wa kawaida, hajasomea magonjwa ya akili. Hata hivyo, mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walihukumiwa kuwa wagonjwa kwa sababu walidai ardhi yao. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba sifa za kitaaluma ni urasimu tu, humkumbuka Carothers.

Ushauri nasaha kama tunaoujua leo ulifika Tororo kwa njia nyingine kabisa, nao uliletwa na UKIMWI. Mwaka 1987, mjini Kampala, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe Christopher mwezi Januari mwaka huohuo, aliungana na wenzake 15 kuanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Yeye alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Wengi wa wenzake walikuwa wanaishi na virusi. Hakukuwa na dawa za kupunguza makali, na hospitalini wahudumu wengine waliogopa hata kumgusa mgonjwa. Walichoweza kutoa ni kuketi naye, kumsikiliza, kumsaidia kuwaambia jamaa zake na kupanga nani atawalea watoto. Muda si mrefu TASO ilikuwa na kituo Tororo, na watu wa wilaya za jirani wakaanza kupanga foleni.

Nataka msomaji atulie hapa kidogo. Wanasihi wa mwanzo wa TASO hawakuwa na shahada ya saikolojia, kwa sababu hakukuwa na wenye shahada hizo wa kutosha. Walipewa mafunzo mafupi, wakasimamiwa, wakarudi kazini. Walijifunza kwamba mtu aliyepewa jibu la kipimo asiachwe aondoke peke yake, na kwamba siri ya mgonjwa ni yake hata mkwe wake akija kuuliza. Elimu hiyo waliilipia kwa vifo vya marafiki. Dawa zilipofika, kuanzia 2003, mradi wa Tororo na Busia uliwatuma wahudumu wa nyanjani wasio madaktari wala wauguzi: walipanda pikipiki kila juma, wakipeleka vidonge hadi nyumbani na kuuliza hali. Ulimwengu wa afya ulijifunza mengi kutoka vijiji hivyo.

Kenya ilisukumwa na jambo jingine. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Chama cha Madaktari cha Kenya kilianzisha mpango wa kuwahudumia walioumia nafsi, naye daktari wa akili Frank Njenga akawa miongoni mwa waliouongoza. Mahitaji yalizidi wataalamu waliokuwepo. Baadaye vikaja vituo vya kupima virusi kwa hiari, kimoja baada ya kingine hadi miji ya mpakani, na kazi ya mnasihi ikawa ajira. Hakuna sheria iliyomzuia aliyehudhuria semina ya juma moja kuweka kibao mlangoni na kuanza kusikiliza siri za watu.

Pengo hilo lilizibwa, kwa karatasi angalau, na Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Inataka anayetoa huduma hizi asajiliwe, elimu yake ikaguliwe, na mwenye malalamiko apate pa kuyapeleka. Bodi ya kuisimamia ilichelewa kuanza kazi, jambo lililowavunja moyo wengi walioipigania. Hata hivyo Kenya haikuwa nyuma sana. Jimbo la Connecticut nchini Marekani lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1945, lakini Uingereza, iliyotuletea Mathari, iliwaweka wanasaikolojia wake chini ya baraza la usajili la kisheria mwezi Julai 2009 tu.

Uganda ilishika njia tofauti. Ina sheria ya mwaka 1996 inayosimamia wataalamu wa fani shirikishi za afya, ambayo chini yake matabibu wa magonjwa ya akili husajiliwa. Chama cha Ushauri Nasaha kilianzishwa mwaka 2002, na sheria mpya ya afya ya akili ikapitishwa 2018 kuchukua nafasi ya ile ya enzi za ukoloni. Sheria ya wanasaikolojia peke yao, kama ile ya jirani, haikupatikana. Chama kinaweza kumfuta mwanachama, lakini hakiwezi kumfungia mlango wa ofisi.

Wapo wanaosema heri iwe hivyo, nao wana hoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, watafiti walijaribu tiba ya vikundi kwa wenye sonona. Waliowaongoza walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi, na baada ya wiki 16 waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Nakubali. Lakini viongozi hao hawakuachwa peke yao: walikuwa na utaratibu wa kufuata na mtu wa kuwasimamia, ndivyo ilivyokuwa TASO pia. Usajili unaotakiwa mpakani hauna budi kuwa na daraja lao, lenye mafunzo na msimamizi, pamoja na daraja la mwenye shahada ya uzamili. Mgonjwa ajue yupi ni yupi, na akiumizwa ajue amlilie nani. Mteja aliyevunjiwa siri katika mji mdogo kama Busia hana mtaa wa kuhamia ambako habari haijafika.

Tangu Februari 2018, Marais Kenyatta na Museveni walipokizindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, maofisa wa nchi mbili hugonga mihuri wakiwa chini ya paa moja. Soko la pamoja la Jumuiya lilianza Julai 2010, na madaktari wa mifugo walisubiri miaka 6 kupata makubaliano yao. Wao walikuwa na mamlaka ya usajili kila upande wa meza. Nairobi sasa ina bodi ya wanasihi na wanasaikolojia. Kiti kinachoikabili, cha Kampala, hakina bodi ya taaluma hiyo ya kukikalia.