Matajiri Wawili na Njia ya Maziwa Mawili

Kila apitaye Tunduma huona magari ya mizigo yakingoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, katika nchi ya Zambia. Lakini kusini kidogo ya hapo ilikatwa njia nyingine, zaidi ya miaka 140 iliyopita, kwa fedha za watu wasioiona nchi hii kamwe. Twataka kueleza habari za matajiri wawili waliotoa fedha hizo, ili tujifunze namna impasavyo Mkristo kuitumia mali aliyopewa.

Wa kwanza ni Robert Arthington wa mji wa Leeds, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1823. Alirithi mali nyingi kwa baba yake, akaizidisha kwa kununua hisa za reli. Hata hivyo aliishi peke yake katika chumba kimoja cha nyumba kubwa, akijinyima sana, hata watu wakamwita bahili. Kumbe bahili huyo alikuwa akiwaza makabila ambayo hayajapata Injili. Mwaka 1875 aliahidi kukipa Chama cha Misheni cha London pauni 5,000 ili waende Ziwa Tanganyika, nao wakafika Ujiji mwaka 1878. Baadaye akatoa tena fedha kwa ajili ya merikebu ya moshi iliyoitwa Good News, yaani Habari Njema.

Wa pili ni James Stevenson, mfanya biashara wa Glasgow. Mwaka 1881 aliahidi fedha za kukata barabara toka Karonga, penye Ziwa Nyasa, hata kusini mwa Ziwa Tanganyika, mwendo wa maili zaidi ya 200. Naye alikuwa mkubwa katika kampuni ya African Lakes, iliyofanya biashara katika nchi zile. Basi katika zawadi yake Injili na faida vilisafiri pamoja. Biashara si dhambi. Lakini yafaa kila mtoaji aujue moyo wake umebeba nini.

Mhandisi wa barabara, James Stewart, alifariki mwaka 1883 kazi ikiwa bado, wala njia haikumalizika kama ilivyokusudiwa. Mahali pengi palibaki kijia tu. Vipande vya merikebu vikapita huko juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, mzigo kwa mzigo, hata mwaka 1885 ikashushwa majini. Fedha haina miguu. Jina la Stevenson liliwekwa juu ya barabara, lakini wapagazi hawakupewa hata kijiwe cha ukumbusho. Tukihesabu sadaka za kazi ile, tusihesabu pauni peke yake, maana yuko Bwana aliyeisifu senti ya mjane kuliko dhahabu ya wenye nacho.

Tena tazameni yaliyofuata. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajeremani walipatana kugawana nchi. Waingereza walishikilia kwamba barabara ya Stevenson ibaki upande wao; kwa hiyo mpaka ukapita kaskazini yake, nao Wanamwanga wakagawanyika, wengine huku, wengine kule. Njia iliyotolewa kwa ajili ya Injili ikawa hoja ya wenye dola. Mtoaji hawezi kuona mbele yote. Ndiyo sababu haitoshi kutoa tu, bali imempasa kuuliza zawadi yake itawafanyia nini wale wanaoipokea.

Arthington alifariki mwaka 1900. Aliacha mali ipatayo karibu pauni milioni moja, na sehemu kubwa ilipewa misheni. Ni kipawa kikubwa, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini twaona pia kwamba wamisionari wengi walikwisha kufa katika kazi ya Tanganyika wakati mali hiyo ilipokuwa ingali imefungwa sandukuni. Mkono wa mfu hauwezi kumshika mgonjwa. Naye mtu akitoa angali hai, hupata kuona sadaka yake imeanguka wapi, na kuitengeneza palipoharibika.

Haya si ya Wazungu wa zamani tu. Mbozi kuna wenye mashamba ya kahawa; Tunduma kuna wenye maduka na magari. Msimu ukifika, fedha huja kama mvua, na kama mvua huenda. Kabla haijaingia mkononi, baba na mama wa nyumba waketi pamoja, waandike: deni la jirani, karo ya watoto, mbegu ya mwaka ujao, fungu la kanisa, na fungu la yatima aliye karibu. Kisha mshahara wa kibarua ulipwe kwanza, maana sadaka iliyotolewa kwa jasho la mwingine ambalo halijalipwa si sadaka.

Mali ni amana. Mwenyewe atakuja kuuliza hesabu, naye atawauliza mwenye pauni na mpagazi vilevile.