Rubeho, kipimo cha wapagazi

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji huandikwa kwa pembe na watumwa, na ni haki iandikwe hivyo. Miguu iliyoikanyaga haisemwi sana. Miguu hiyo ilikuwa na mitihani yake: nyika za Marenga Mkali na Mgunda Mkali kwa kiu, na milima ya Rubeho, Usagara, kwa kupanda.

Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke waliipanda Rubeho Septemba 1857. Homa ilikuwa imewamaliza, wakapandishwa kwa kushikiliwa, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Novemba wakaingia Tabora, na vitabu vikawapa wao sifa ya safari nzima.

Mimi sifa ningempa pagazi wa Kinyamwezi. Begani alikuwa na mtumba wa nguo za merikani na kaniki, frasila mbili hivi, yaani kilo 32, mbali na chungu na jamvi lake mwenyewe. Nguo zilikazwa zikawa gogo la karibu mita moja na nusu, zikafungwa kwa fito zilizobanduliwa magome. Fito moja iliachwa itokeze panda upande mmoja, ili mtumba uegemezwe mtini bila kugusa tope, na mwenyewe aweze kuutwika tena bila kuinama sana. Kwenye mteremko wa mawe, panda ile ilikuwa na thamani kuliko bunduki.

Mbele alitangulia kirangozi, na manyoya kichwani. Ole wake aliyempita: alichomolewa mshale podoni, na kambini akadaiwa faini. Wabeba pembe walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha, msafara ukasikika kabla ya kuonekana.

Nani aliwalazimisha vijana kubeba mizigo? Wengi wao, hakuna. Kwao Unyamwezi, aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa mwanamume, asiyekwenda alitaniwa. Waliondoka kiangazi, baada ya mavuno, wakijitahidi kuwahi jembe la masika. Wanawake nao walitembea, wakibeba vyombo na watoto.

Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, na kazi ya upagazi ikafifia. Wajerumani walioijenga waliikwepa milima kwa kufuata bonde la Mkondoa, ambalo mpaka leo hufurika na kuisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe. Reli mpya ya SGR imeamua kutoboa: pale Kilosa treni hupita ndani ya mahandaki, na abiria wengine hata macho hawayainui kutoka kwenye simu.