Sura za Mau Zilizokosa Majina

Ukiyafunua magazeti ya Novemba 2009 utawaona. Kina mama wameketi juu ya magodoro yaliyokunjwa kando ya barabara za Kuresoi, Nakuru, sufuria miguuni, mabati yaliyong'olewa yameegemezwa ukingoni. Watoto wamejifunika blanketi ndani ya vibanda vya vijiti na karatasi ya nailoni, na baridi ya msitu wa Mau haina mchezo. Chini ya picha, maelezo karibu yanafanana: waliofurushwa msituni. Jina mara nyingi halipo.

Picha hizo zilikuwa za kweli, ila zilichelewa. Mwaka 2001 serikali ilipomega zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki na kuzigawa, hakukuwa na cha kupiga picha, kwa sababu karatasi inayotiwa saini ofisini haiuzi gazeti. Miaka minane baadaye, serikali ya mseto ilipoanza kuwaondoa wasio na hatimiliki upande wa Kusini Magharibi, kamera zikapanda mlima. Msomaji wa Nairobi akaona umaskini bila kuuona mkono ulioutengeneza.

Nakuru yenyewe ilikuwa imezoea kamera. Mapema mwaka 2008, wakimbizi wa ghasia za uchaguzi walipojaa uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa michezo wa Afraha, wapiga picha wa ndani na nje walikuwapo. Boniface Mwangi, wakati huo wa gazeti la The Standard, alizipiga picha ghasia hizo kisha akakataa picha ziishie gazetini. Mwaka 2009 alianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka mijini ili Mkenya wa kawaida azitazame akiwa amesimama barabarani.

Ugonjwa wa picha isiyo na jina haukuanzia kwetu. Marekani, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali iliwatuma wapiga picha vijijini na milimani kuonyesha hali ya wakulima. Marion Post Wolcott alifika milima ya Kentucky mwaka 1940. Dorothea Lange, mwezi Machi 1936, alimpiga picha mama mmoja na wanawe katika kambi ya wachuma njegere huko California, na picha ile ikazunguka dunia nzima. Jina hakuliuliza. Ilikuja kujulikana mwaka 1978 kwamba ni Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Cherokee, na kwamba umaarufu wa sura yake haukumlipa chochote. Dunia ilikuwa imemjua kwa shida zake tu.

Huku Mau, miaka hiyohiyo ya mdororo, Tume ya Ardhi ya Kenya katika ripoti yake ya 1934 ilipendekeza Waogiek, wenyeji wa msitu huo, wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine. Majirani na wakoloni waliwaita Dorobo, jina la kumdharau asiye na ng'ombe. Mtu mwenye mizinga ya mwerezi iliyotundikwa juu ya miti, anayejua ni ua gani linachanua mwezi gani na katika mwinuko upi, akaandikwa maskini kwa kipimo cha mfugaji.

Ndiyo maana nayapa uzito maonyesho yaliyofunguliwa Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, mwaka 1989. Mwanaanthropolojia Corinne Kratz alikuwa ameishi na Waogiek wa upande wa Narok na kuwapiga picha za rangi: wazee, wasichana wa unyago katika mavazi yao ya sherehe, watu wa nyumbani kwao. Kila sura ilikuwa na mwenyewe. Maelezo yaliandikwa kwa Kiogiek, Kiswahili na Kiingereza. Isitoshe, Waogiek walipoonyeshwa picha hizo maongezi yao yalirekodiwa, na sehemu yake ikaingia katika maonyesho yalipopelekwa Marekani. Kitabu kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 2002.

Mtu anaweza kulalamika kwamba picha za sherehe zinaficha njaa. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini mtu aliyevaa vizuri akatazama kamera kwa hiari yake anasema jambo ambalo kibanda cha nailoni hakiwezi kulisema: kwamba ana kwao.

Neno hilo ndilo lililopiganiwa Arusha. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, ikiwemo haki yao ya ardhi ya Mau. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya Sh157.85 milioni. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa tena Sasimwani, Narok, na picha zikasambaa kwenye simu siku hiyohiyo.

Makumbusho ya Taifa yana tawi hapa Nakuru, pale Hyrax Hill. Yaliyofungua maonyesho yale mwaka 1989 yangeweza kuyaleta huku, pamoja na picha za 2009, na kuwaita watu wa Nessuit, Mariashoni na Kuresoi waje waseme ni nani yupo kwenye kila moja ya hizo za 2009. Wengi wangali hai. Wahariri nao, kabla ya kutuma mpiga picha mlimani, wampe daftari la majina.