Magari ya Waya ya Rumonge: Historia Isiyokuja Ndani ya Sanduku

Mwaka 2009, mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili alirudi kutoka likizo akiwa na gari mkononi. Lilikuwa gari la waya lenye urefu wa shubiri moja na nusu hivi. Magurudumu yake yalikatwa kwenye soli ya kandambili, na ubavu wake ulizibwa kwa bati la kopo la nyanya. Alikuwa amelinunua kwa mtoto mmoja wa Rumonge kwa bei ya soda. Tuliliweka juu ya kabati idarani, tukalitazama siku kadhaa, tukacheka, tukalisahau. Muhula uliofuata halikuwapo tena. Aliyekuwa akifagia chumba aliliona, akalihesabu kuwa takataka, akalitupa. Hatukuweza kumlaumu, maana hata sisi wenyewe hatukuwa tumeandika popote kwamba kile ni kitu. Hakikuwa na kibandiko, wala tarehe, wala jina la aliyekitengeneza.

Makala haya yanakusudia kulipa sehemu ya deni hilo. Hoja yangu ni kwamba kigari cha waya cha mwambao huu ni hati ya kihistoria kama ilivyo barua au picha, na kwamba hati hiyo inapotea kwa sababu haikuja ndani ya sanduku.

Inafaa tuanze na magari yanayokuja ndani ya sanduku, ili msomaji aione tofauti. Katika nchi za viwanda kuna watu wazima wengi ambao burudani yao ni kukusanya na kujenga magari madogo yaliyofuata vipimo vya magari halisi. Mtu hununua sanduku, na ndani yake hukuta vipande vya plastiki vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu zake, pamoja na karatasi ya maelekezo na vibandiko vya namba na nembo. Hukata, husugua, hugundisha, hupaka rangi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, iliingia katika kazi hii kwa njia ya ajabu kidogo: mwaka 1949 ilitengeneza trekta dogo la Ferguson ili mawakala wa matrekta halisi wawe na kitu cha kuwaonyesha wateja, na baadaye trekta hilo likauzwa kwa watu wote likiwa vipande vipande. Huko Marekani kampuni ya AMT nayo ilianza mwaka 1948 kwa kutengeneza mifano ya kuwekwa mezani kwa wauza magari, kisha mwaka 1958 ikatoa seti zilizomwezesha mjenzi kuchagua mojawapo ya sura tatu za gari lile lile. Japani mji unaotajwa zaidi ni Shizuoka, ambako kampuni ya Tamiya ilianza mwaka 1946 ikiwa ya biashara ya mbao kabla ya kugeukia plastiki.

Magari hayo hufuata skeli maalumu. Skeli ya 1/24 maana yake ni kwamba sentimita moja ya gari dogo ni sawa na sentimita 24 za gari kubwa. Kampuni ya Aoshima, nayo ya Shizuoka, huuza kwa skeli hiyo Toyota Hiace, gari lile lile ambalo kila abiria wa barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge amewahi kubanwa ndani yake. Hiace yenye urefu wa mita 4.7 hutoka ikiwa na sentimita 20 kasoro kidogo. Aidha, kuna wakusanyaji ambao hawajengi kabisa. Hununua sanduku na kuliweka kabatini likiwa limefungwa, kwa kuwa likifunguliwa thamani yake hushuka. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilidhani nimeelewa vibaya: mtu ananunua gari la kujenga, kisha anajivunia kutolijenga!

Hata hivyo, mwambao wa Tanganyika haukuwa mgeni wa vitu vinavyokuja vipande vipande. Ziwa hili lilipata vyombo vyake vya chuma kwa njia hiyo kabla Airfix haijazaliwa. Mwaka 1885 meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Good News, mali ya Jumuiya ya Wamisionari ya London, ilishushwa majini upande wa kusini wa ziwa baada ya vipande vyake kupitia Ziwa Nyasa na kubebwa na wapagazi nchi kavu. Kisha ikaja kubwa zaidi. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliundwa katika karakana ya Meyer mjini Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa yote, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupandishwa garimoshi hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg walifuatana na masanduku hayo ili kuongoza kazi ya kuiunganisha. Ilishushwa majini Februari 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, wakiwa wamekwisha kupaka mitambo yake mafuta mazito ili isioze. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikafanya safari zake kwa jina la Liemba. Kwa lugha ya wajenzi wa vigari, Liemba ni seti ya skeli ya 1/1, yenye sanduku, maelekezo, na hata mwalimu wa kusoma maelekezo.

Magari ya moto nayo yalifuata njia iyo hiyo. Baada ya Wabelgiji kuichukua Urundi mwaka 1916, na baada ya makubaliano ya mwaka 1921 yaliyowapa sehemu zao za bandari Kigoma na Dar es Salaam, zilizojulikana kwa jina la Belbase, shehena kubwa ya Urundi ilipita kwenye reli na kwenye ziwa. Gari lilishuka Usumbura, likaonekana, na mahali gari linapoonekana watoto hulitengeneza.

Walilitengeneza kwa nini? Wazee niliozungumza nao Rumonge wanakumbuka kwanza mchikichi. Huo ndio mti wa Rumonge. Mawese yake yanajulikana Burundi nzima. Upongoo wa kuti la mchikichi ni mwepesi, hukatika kwa kisu butu, na ukichomwa vijiti hushikana bila gundi. Magurudumu yalikuwa vipande vya mgomba au vifuniko vya chupa. Waya ulikuja baadaye, ukitoka kwenye vishikio vya ndoo na madebe na spoku za baiskeli, na pamoja nao bati la makopo. Kandambili za mpira zilipoenea ndipo magurudumu yalipoanza kutembea bila kelele. Hivyo mtu anayeelewa vitu hivi anaweza kukadiria umri wa kigari kwa kutazama gurudumu lake, kama mwanaakiolojia anavyotazama kigae cha chungu.

Utengenezaji wa waya una utaratibu wake. Huanza chesisi, yaani waya mnene uliokunjwa mstatili. Hufuata ekseli mbili, ya mbele ikiwa imefungwa kwa namna ya kuzunguka kushoto na kulia. Bodi husukwa juu ya chesisi kwa waya mwembamba, bila msumari wala gundi. Mwisho huja usukani: tete au fito ndefu inayopanda kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani mwa mtoto, ikiwa na duara la waya kichwani. Mtoto haketi chini kusukuma gari lake. Hutembea nyuma yake amesimama wima, akikata kona, akipiga honi kwa mdomo. Lile la mwanafunzi wetu lilikuwa na sentimita 30 hivi, nami baadaye nilipima mengine ya aina yake ya Hiace. Ukilinganisha bodi na gari halisi unapata skeli ya 1/16 takriban. Lakini magurudumu yana kipenyo cha sentimita 6, na tairi ya Hiace ni sentimita 69 hivi, kwa hiyo yako katika skeli ya 1/11 au 1/12. Mwenye kujenga seti za plastiki angesema hilo ni kosa. Mtoto wa Rumonge halioni hivyo, kwa kuwa gari lake halikai rafuni. Linapita kwenye mchanga wa ufukweni na kwenye mashimo, na gurudumu dogo lingekwama. Hapana karatasi iliyomweleza hayo. (Katika uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni nimewasikia watu wazima wakitania kwamba hayo ndiyo magari pekee ya mkoa yasiyopanga foleni.)

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo lina uhusiano na somo letu la lugha.

Mwishoni mwa Aprili 1972 mapigano yalianzia sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchini yaliwafanya watu wengi kukimbia. Wengi wa mwambao huu walivuka kwenda Tanzania, ambako waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa huko na kusoma kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2008 makumi ya maelfu ya watu hao wa 1972 walisaidiwa kurudi Burundi, na Rumonge ikawa mojawapo ya sehemu zilizowapokea wengi. Waliporudi walikuta mashamba ya michikichi ya wazazi wao yakilimwa na watu wengine, baadhi yao wakiwa wamekaa hapo miaka zaidi ya thelathini. Kesi za ardhi za Rumonge zinajulikana, na siyo kazi ya jarida hili kuziamua.

Ninachotaka kueleza ni nilichokiona kwa macho yangu nilipokwenda huko likizo za miaka ile. Watoto waliokua Rumonge walikuwa wakisema kamyo, shoferi, pine, feri, yaani maneno yaliyopitia Kifaransa na Kirundi. Watoto waliorudi walisema lori, dereva, tairi, breki. Neno moja tu lilitosha kumfahamisha kila mtu umetoka upande gani, na kwa watu wanaogombea shamba hilo si jambo dogo. Nilimsikia mama mmoja akimkanya mwanawe kwa sauti ya chini asiseme tairi mbele ya majirani. Tena vigari vyenyewe vilikuwa na alama. Burundi magari hupita kulia, Tanzania hupita kushoto. Kati ya vigari nilivyovitazama mwaka 2008, vingi vya waliokua Rumonge vilikuwa na fito ya usukani upande wa kushoto wa chesisi, na karibu vyote vya waliorudi vilikuwa nayo upande wa kulia. Hapana mtu aliyewaambia. Waliweka dereva pale walipozoea kumwona.

Niliporudi miaka michache baadaye alama hiyo ilikuwa imechafuka. Magari mengi yaliyoagizwa yakiwa yametumika Japani yana usukani wa kulia, na yalikwisha jaa barabara za Burundi, kwa hiyo hata mtoto ambaye hajavuka mpaka alikuwa na sababu ya kuweka fito kulia. Lakini kulikuwa na sababu nyingine pia. Katika kijiji kimoja cha wanaorudi nilikuta watoto wa pande zote mbili wakitengeneza pamoja, kwa kuwa mmoja alikuwa na waya na mwingine alikuwa na koleo. Walikuwa wakiita gurudumu pine na tairi katika sentensi moja. Mwanaisimu akitaka kujua jinsi msamiati wa Kiswahili cha mwambao ulivyochanganyika katika miaka ile, asianzie kwenye kamusi. Na kigari cha mwaka 2008 chenye fito kulia kingekuwa shahidi mzuri sana, lau tungekuwa nacho.

Hatuna. Tulichonacho ni kumbukumbu za watu. Palikuwa na mzee mmoja wa Rumonge, fundi wa mashua aliyestaafu, ambaye kwa hiari yake alikuwa amehifadhi vigari vya watoto wake na vya wajukuu wake, vikining'inia darini kwa kamba. Mwaka 2014 nilimwomba aniuzie viwili vya upongoo. Alikataa kwa adabu, akasema, "Mwalimu, hivi si vya sokoni. Kila kimoja nakijua mwenyewe wake." Nikamwahidi kwamba nitarudi na kamera na daftari. Sikurudi haraka. Mwaka 2024 ziwa lilipanda kupita kawaida na maji yakaingia katika mitaa ya chini ya mji. Nyumba yake ilikuwa mojawapo. Upongoo ukilowa siku kadhaa huwa kama uji, na waya mwembamba hula kutu.

Tangu hapo nimeanza kufanya nilichopaswa kufanya mwaka 2009. Nina daftari lenye vigari 11 mpaka sasa: urefu, upana, kipenyo cha gurudumu, upande wa usukani, malighafi, na majina ya kila sehemu kama mtengenezaji mwenyewe anavyoyatamka. Sivichukui, nachora na kupima tu. Cha 11 kilikuwa Probox ya bati la kopo la maziwa, yenye taa za vifuniko vya dawa, na mwenyewe alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Aliniazima baada ya kubembelezwa sana, akasimama pembeni akinitazama ninavyoandika. Nilipofika kwenye ekseli ya nyuma uvumilivu ulimwishia. "Mwalimu, maliza," akasema, mkono wake ukiwa tayari kwenye fito, "abiria wamekaa."