Naibere: Vazi la Kale Liwezalo Kushonwa Nyumbani



Hapa Bisil shuka nyekundu huhesabiwa kuwa vazi la asili la Wamaasai. Heshima hiyo ni ya haki. Lakini yafaa vijana wetu wajue kwamba kabla ya shuka palikuwa na ngozi, na kwamba palikuwa pia na vazi la pamba liitwalo naibere, ambalo leo halionekani tena.

Zamani mavazi yalitoka zizini. Akina mama walikwangua ngozi za mbuzi, kondoo na ndama, wakazilainisha kwa mafuta, wakaziunga kwa nyuzi za kano. Nguo ya pamba ilipanda kutoka pwani. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa kigumu kutoka viwanda vya Massachusetts kikaenea hadi bara. Ndiyo maana kinaitwa amerikani. Vita vya ndani vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilishika soko baadaye, lakini jina likabaki.

Mwaka 1883 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, aliingia nchi ya Wamaasai kutoka Taveta. Kitabu chake cha mwaka 1885 chaeleza naibere ya morani: kitambaa cha pamba cha futi 6 kwa futi 2, kilichovaliwa shingoni, chenye utepe wa rangi ulioshonewa katikati kwa urefu wake. Huko Taveta watu wake walikuwa wamekaa wakishona mavazi ya vita na kutunga shanga upya kwa vipimo wapendavyo Wamaasai. Basi mgeni ndiye aliyeleta kitambaa, bali mwenyeji ndiye aliyeamuru mshono.

Atakaye kuishona nyumbani anunue amerikani na kipande cha kitambaa chekundu. Kwanza avifue mbalimbali, ili chekundu kisije kikachujia rangi. Akate amerikani futi 6 kwa 2, akiongeza nusu inchi kila upande kwa ajili ya pindo, kisha apinde na kushona. Aikunje kwa urefu apate mstari wa katikati. Utepe wa upana wa inchi 4 watosha. Akunje kingo zake, aupige bandi juu ya mstari huo, halafu aushone pande zote mbili kwa sindano ya mkono, na mwisho atoe bandi.

Kazi hii si mchezo. Mwaka 1967 na 1968, katika nchi jirani ya Tanzania, serikali ilifanya kampeni ya kuwakataza Wamaasai mavazi yao, kana kwamba ni aibu kwa taifa. Vazi ambalo wenyewe hawajui habari zake ni rahisi kudharauliwa. Shuka za dukani tutaendelea kuzinunua. Lakini hakuna duka liuzalo ujuzi wa kuunga ngozi kwa kano. Ujuzi huo wakaa mikononi mwa kina mama wazee, na mikono hiyo yapungua kila mwaka.

Kwa hiyo twawaomba wazee wetu kwa unyenyekevu: mwenye kujua awaite wajukuu na kuwaonyesha, na karani akae kando ayaandike.